Kusahihisha Nyaraka za Programu Huria Nako ni Kazi

Wapo wanaomdharau mtu anayepeleka sahihisho la alama moja kwenye nyaraka za programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, wakidai kwamba anatafuta tu jina lake lionekane katika orodha ya wachangiaji. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu nautoa hapa hapa Unguja, katika kazi ya ramani ambayo vijana wetu wameizoea zaidi tangu ulipoanza, mwaka 2016, mradi wa kuvipiga picha visiwa hivi kwa droni.

Forodhani iko takriban nyuzi 6.16 kusini na 39.19 mashariki. Kanuni ya GeoJSON, muundo wa kuandikia data za ramani, inaagiza longitudo itangulie, latitudo ifuate, na kusini kuandikwe kwa alama ya kutoa. Mfano wa kwenye mwongozo ukigeuza mpangilio huo, Forodhani inahamia Uhispania, si mbali na mji wa Cáceres; ukidondosha alama ya kutoa, inaangukia kusini mwa Ethiopia. Fundi mzoefu atacheka, arekebishe, aendelee na kazi yake. Kijana anayejifunza peke yake usiku, tena kwa bando la kununua, atauamini mwongozo na kujilaumu mwenyewe, kwa sababu hakuna onyo lolote litakalotokea: nambari zote mbili ni halali, na programu imefanya kama ilivyoambiwa. Ndiyo maana naamini kwamba anayeanza kujifunza ndiye msahihishaji bora, kwani mwandishi wa ukurasa hulijua jibu tangu mwanzo na jicho lake hupita juu ya kosa bila kuliona.

Watunzaji wa miradi, wale wanaoyakubali au kuyakataa masahihisho, nao wana haki ya kulalamika. Oktoba 2020, Hacktoberfest, tamasha la kuhamasisha watu kuchangia programu huria, ambalo kampuni ya DigitalOcean ilikuwa ikitoa zawadi ya fulana kwa wachangiaji wake, lilizaa mafuriko ya mabadiliko ya ovyo, watu wakichomeka maneno ya sifa kwenye kurasa za utangulizi, mpaka waandaaji wakabadili utaratibu na kuhesabu miradi iliyoridhia yenyewe tu. (Fulana!) Lakini udogo wa mabadiliko haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna msomaji aliyenufaika nayo.

Kwa hiyo anayesahihisha auendeshe mfano huo kwa mkono wake kabla na baada ya kuurekebisha, atazame kama toleo linaloandaliwa halijakwisha kusahihishwa, aeleze sababu kwa mistari miwili, na asichanganye humo mapendeleo yake ya uandishi. Kiingereza cha kuungaunga kisimzuie, maana alama ya kutoa haihitaji ufasaha, na nyuzi za Forodhani anazijua kuliko mtunzaji aliyeko ng'ambo. Mtunzaji naye, akikataa, aseme kwa nini. Kinachowakatisha tamaa vijana wa huku zaidi ya kukataliwa ni ombi la sahihisho kukaa miezi bila ya jibu.