Kituo cha manusura kiwafikirie na wenye usonji

Nimefurahi kusoma kwamba hospitali ya kaunti itafungua kituo cha manusura wa ukatili wa kingono. Tafadhali, wenye usonji (autism), hali ya ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo, wasisahaulike. Mdogo wangu anao: taa kali, kelele za foleni na kuguswa ghafla humfunga kinywa kabisa, kisha anaandikiwa "hataki kushirikiana". Na dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72 baada ya tukio! Wapeni chumba tulivu, picha za kuonyesha, karatasi ya kuandikia, na muda wa kujibu. Kumlazimisha mtu akutazame machoni si ushauri nasaha. Mahakamani, kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 kinamruhusu shahidi wa namna hii kuzungumza kupitia msaidizi. Kliniki inangoja nini?