Wasio na Uti wa Mgongo: Jina Linalotaja Pengo

Zaidi ya asilimia 90 ya spishi za wanyama zinazojulikana tumezifunga katika jina moja refu: wanyama wasio na uti wa mgongo. Konokono, nzi, pweza, buibui, mnyoo, wote humo. Binafsi jina hili halinitoshi.

Lina historia, tena ya kuvutia. Mwaka 1793, makumbusho ya historia ya viumbe mjini Paris ilimkabidhi Jean-Baptiste Lamarck uprofesa wa "wadudu na minyoo". Alikuwa mtaalamu wa mimea, umri unakaribia miaka 50. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe katika makundi, alikuwa amewagawa wanyama wote katika makundi sita, na hayo mawili, wadudu na minyoo, ndiyo yaliyofunga orodha. Kundi la minyoo lilikuwa jalala hasa: hata chaza na pweza walitupwa humo. Lamarck akalichambua, tena akawatoa kaa na buibui katika kundi la wadudu, na mwaka 1801 akatoa kitabu chake kuhusu wanyama wasio na pingili za mgongo. Pingili kwa Kilatini ni vertebra, neno litokanalo na kitenzi cha kugeuka.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, karne nyingi kabla, aliwaita wasio na damu. Afadhali Lamarck! Pweza ana damu, ila ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo.

Lakini kukosa kitu kimoja hakuwafanyi watu kuwa ndugu. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ana undugu wa karibu zaidi na sisi kuliko alio nao na nzi au na pweza mwenyewe. Wapo pia viumbe wa baharini waitwao tunikata: wengi wao wakiwa wachanga huogelea kama viluwiluwi, na wana kijiti laini mkiani, cha asili moja na kile kinachotangulia uti wetu tukiwa tumboni. Wakikua, wengi hujibandika mwambani, kijiti kikapotea. Hao ndio jamaa zetu wa karibu kuliko wote wasio na uti, na bado tunawahesabu pamoja na mbu.

Kama kifupisho cha mazungumzo, sawa, jina hili litumike. Darasani ningeanza na moluska (kundi la konokono na pweza) na athropoda (kundi la kaa, buibui na wadudu), yaani na mwili walio nao: gamba la nje la kaa, miguu yake yenye viungo, na namna anavyolazimika kulivua gamba hilo ili akue.