Mpemba Alichekwa, Lakini Hakuishia Kuchekwa

Mbane muuzaji wa dawa inayotibu kila kitu, ataishia palepale. Ukimuuliza utafiti uko wapi, anakutumia shuhuda. Ukimuuliza dozi, anakutumia sauti ya dakika tisa. Ukizidi kung'ang'ania, anatupa karata yake ya mwisho: "Hata Mpemba walimcheka." Anamaanisha Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyechekwa kwa kusema maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi. Hapo kundi zima linamwaga makofi ya emoji, na wewe uliyeuliza unabaki kibaraka wa kampuni za dawa.

Nimeiona karata hiyo ikitetea maji ya alkali, bangili za sumaku, unga wa mbegu za parachichi na hata madai kwamba dunia ni bapa. Inaniudhi kwa sababu, katika watu wote wa kuitwa shahidi, wamemchagua yule ambaye ushahidi wake unawaangusha. Kisa chake husimuliwa nusu. Nusu ya kuchekwa inasambazwa, na ile nyingine, ambayo ndiyo sayansi yenyewe, inaachwa.

Turudi shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu. Wanafunzi pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo Mpemba aliona akisubiri yapoe atakosa nafasi, akayaingiza yakiwa ya moto. Mwenzake alikuwa ameingiza ya kwake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amejichanganya, jambo hilo haliwezekani.

Mpaka hapo, nakubali, Mpemba na muuzaji wetu wako sawa. Wote wameona kitu kwa macho yao na wote wamekataliwa na mwenye cheti. Wanaachana kwenye kilichofuata. Mpemba aliendelea kuuliza. Tanga mjini alikuta rafiki yake anayeuza aiskrimu naye anaweka mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande haraka. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akaibua swali lilelile darasani walipokuwa wakisoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaidaka. Tangu siku hiyo akikosea hata hesabu, ni "hesabu za Mpemba". Yeye alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya bomba, akaziweka kwenye friza.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya shule na kuuliza: ukichukua maji ya ujazo sawa katika bika mbili, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friji, ile ya nyuzi 100 inatangulia kuganda. Kwa nini? Ukumbi ukacheka.

Litazame swali hilo vizuri. Lina ujazo, lina joto la kuanzia, lina chombo, na lina tokeo ambalo mtu yeyote mwenye friji anaweza kuliona au asilione. Kijana yule alimkabidhi mgeni kila kitu alichohitaji ili kumwumbua yeye mwenyewe, Mpemba, mbele ya wote waliokuwa tayari kumcheka. Sijawahi kumwona muuza unga wa mbegu za parachichi akifanya hivyo.

Osborne hakuamini, na aliandika waziwazi kwamba hakuamini. Ila alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli, maji yaliyoanza ya moto yametangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Kila nikilikumbuka jibu hilo nacheka peke yangu. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, la mwanafunzi na la msomi.

Sasa huyu mwalimu wa Mkwawa. Simlaumu kwa kutilia shaka, maana mwanafunzi alileta dai linalopingana na yaliyomo kitabuni, na shaka ilikuwa haki yake. Kosa lake ni kwamba friza ilikuwa hapohapo shuleni, na yeye akachagua utani. Nalisema hili kwa sababu na sisi tunaojiita watetezi wa sayansi tuna tabia hiyohiyo. Mtu analeta swali kuhusu chanjo, tunamwuliza amesoma wapi. Anataka kujua mbona maelezo ya corona yalibadilikabadilika, tunamwambia wataalamu wameshasema. Kumnyamazisha mtu kwa cheti ni kazi ambayo hata mganga anaiweza, tena yeye ana kanzu nzuri zaidi.

Na tusijifanye hatujui tabia hiyo tumeitoa wapi. Sote tuliopita sekondari tunajua maana ya kupika data. Pendulamu imekataa kutoa namba inayotakiwa, basi unaanza na jibu, unarudi nyuma kutengeneza vipimo, na mstari wa grafu unanyooka vizuri kabisa. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara zilifanya mtihani mbadala wa vitendo, yaani unaeleza kwa kalamu jaribio ambalo hujawahi kuligusa. Kijana aliyefaulu kwa njia hiyo amejifunza kwamba jibu huwa linajulikana mapema na kipimo ni mapambo. Halafu akiwa na miaka thelathini tunamtarajia asome chapisho la mtandaoni na kuuliza walipima nini, kwa nani, wakalinganisha na nani.

Sehemu nyingine ya kisa cha Mpemba isiyosambazwa ni kwamba mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa makini muda ambao maji huchukua kushuka hadi nyuzi sifuri, wakapitia na takwimu za waliowatangulia, na wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Wakaonyesha pia kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka kidogo tu ndani ya maji, majibu yanaweza kugeuka. Mwaka 2020 wengine wawili wa Canada, Kumar na Bechhoefer, wakaonyesha katika jarida la Nature tabia inayofanana na ile ya Mpemba, safari hii kwa chembe ndogo mno zinazoongozwa kwa mwanga wa leza. Aiskrimu haimo tena. Wengine wanasema tofauti iko kwenye mvuke unaopotea, wengine hewa iliyoyeyuka majini, wengine namna maji yanavyozunguka ndani ya chombo, wengine tofauti haipo kabisa.

Je, hili linampunguzia Mpemba chochote? Kwangu linamwongezea. Miaka zaidi ya hamsini watu wamelishika swali lake kwa uzito, na namna ya kulishika kwa uzito imekuwa kujaribu kulivunja. Dai la kitapeli halina historia ya namna hii. Lilizaliwa likiwa limethibitishwa asilimia mia na litazikwa likiwa limethibitishwa asilimia mia.

Najua mtu atasema: basi wewe unadharau dawa zetu za asili. Hapana, na hapa ndipo watu wa pande zote mbili huwa wananikasirikia. Chukua mmea wa pakanga. Huko China miaka ya 1960 na 1970, Profesa Tu Youyou na wenzake walichambua zaidi ya mapishi 2,000 ya mitishamba wakitafuta dawa ya malaria. Pakanga lilionyesha dalili nzuri, kisha jaribio liliporudiwa, dalili zikapotea. Angekuwa mtu wa shuhuda, angetangaza lile jaribio la kwanza na kufungua duka. Yeye alirudi kwenye vitabu vya kale na kukuta maelezo ya Ge Hong, wa karne ya 4, yanayosema majani yalowekwe katika maji, yakamuliwe, maji yanywewe. Hakuna kuchemsha. Akawaza kwamba huenda moto ndio unaoua dawa, akabadilisha njia ya kuikamua akitumia joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaondoa vimelea vyote katika panya, na baadaye katika nyani. Kutoka hapo ndiko ilikotoka artemisinini, iliyozaa kiungo kilichomo ndani ya dawa ya mseto ambayo wengi wetu tumeimeza. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kwa hiyo mti haukukataliwa kwa kuwa ni mti. Uliulizwa maswali magumu mpaka ukajibu. Lakini angalia kilichofanyika mwaka 2020, pale mmea huohuo ulipowekwa katika kinywaji cha Madagascar na ndege yetu ikaenda kukichukua. Sifa ambayo pakanga ilikuwa imeitolea jasho kwenye malaria ilihamishiwa kwa ugonjwa mwingine kabisa, corona, bila jasho lolote. Hii ni mbinu ninayoiona kila siku, na ni ngumu kuitambua kwa sababu nusu yake ni kweli.

Loliondo ni habari nyingine. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa kijiji cha Samunge, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Sisemi Babu alikuwa tapeli. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Ninachotazama ni masharti. Dawa ilitokana na ndoto, na ilisemekana hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake yeye, palepale. Dai la aina hiyo haliwezi kupelekwa maabara ya Muhimbili wala Nairobi, maana likishindwa huko jibu lipo tayari: haukuwa mkono wake. Serikali iliposema dawa haina madhara kwa mnywaji, mitaani ikasikika kwamba serikali imethibitisha inaponya. Haidhuru na inatibu ni mambo mawili, hata chai ya rangi haidhuru. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa sababu ya kuchanganya hayo mawili.

Sisiti kusema kwamba imani ni imani, na anayeomba apone sina ugomvi naye. Ugomvi unaanza pale imani inapovaa koti jeupe.

Koti jeupe la siku hizi ni ile mashine ya kupima mwili mzima. Umeiona: unashika kijiti cha chuma kwa dakika moja, kijana anaingiza umri na uzito wako kwenye kompyuta, na kurasa za majibu zinatoka, figo, ini, mifupa, mpaka upungufu wa madini ambayo hukuwahi kuyasikia. Kwa bahati njema, virutubisho vya kurekebisha yote hayo vinapatikana kwenye meza ya pili.

Kwa mashine hiyo ningeazima mbinu ya papai. Mei 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema sampuli za vitu kama papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina corona. Wasomi wengi walicheka. Nadhani walicheka mahali pasipo. Kupeleka kisirisiri sampuli ambayo wewe unajua jibu lake ni njia halali ya kupima kipimo, na maabara makini hujifanyia zenyewe. Palipokuwa na pengo ni kwingine. Nani alichukua sampuli zile, kwa vifaa gani, zilikuwa ngapi, maabara ya pili ilipata nini? Bila hayo huwezi kujua kama kosa ni la kipimo, la mikono ya watu wa maabara, au la aliyelikata papai. Wazo lilikuwa la kisayansi na likaachwa kabla halijawa sayansi, na kwangu huo ni mfano mgumu kuliko dunia bapa, ambayo inajiumbua yenyewe.

Basi fanya hivi na mashine. Pima asubuhi kwa jina lako. Rudi jioni, mwache mwenye mashine aingize jina la binamu yako, umri mwingine, uzito mwingine, ushike kijiti kwa mkono uleule wenye figo zilezile. Linganisha karatasi. Hakuna haja ya shahada, wala ya kugombana na mtu kwenye kundi. Mara niliyowahi kuliomba hilo hadharani, kijana wa mezani aliniambia kwa upole kabisa kwamba haiwezekani, mashine ikimpima mtu mmoja mara mbili kwa siku inachoka.