Lincoln: baa chini ya ukuta wa ngome, na kisima cha uongo

Katika mji wa Lincoln, mashariki mwa Uingereza, kuna baa inayoitwa The Strugglers. Iko upande wa Westgate, chini ya ukuta wa ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1068 kwa amri ya mfalme William Mshindi. Bango lake lina picha ya mtu anayekokotwa kwenda kunyongwa, na jina lenyewe ni la watu hao: waliofurukuta njiani wakipelekwa kitanzini. Ndani ni padogo, pana joto, na wateja wanaongea kwa sauti ya watu waliozoeana miaka mingi. Mgeni akiuliza habari za jina, anahadithiwa. Kila mtu anaifahamu hadithi hiyo.

Baa sina ugomvi nayo. Jina lile limehifadhi kumbukumbu ambayo pengine ingeshapotea. Ninachokipinga ni mazoea ya miji mingi ya kale ya Ulaya, Lincoln ikiwemo, ya kuyafanya mateso ya zamani kuwa burudani ya jioni. Kuna ziara za mizimu, hadithi za wafu wasiotulia, kelele za usiku. Mtalii anasisimka, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemwambia nani alikufa, kwa kosa gani, na nani alitoa amri. Mzimu hauna hakimu wala mdai wala mfalme, ndiyo maana unauzika kirahisi.

Chukua hao walionyongwa. Kabla ya ngome kutumika kunyongea watu, mti wa kunyongea ulikuwa kwenye njia panda ya Westgate na Burton Road, mwendo mfupi sana kutoka baa ilipo leo. Kisha kuanzia 1817 hadi 1859 kazi hiyo ikahamia juu ya paa la mnara wa Cobb Hall, kona ya ngome, umati ukiwa umejaa barabarani chini. Mpaka mwaka 1832 sheria ya Uingereza iliruhusu mtu anyongwe kwa kuiba kondoo. Jimbo la Lincolnshire lilitajirika kwa sufu, na mwenye kondoo ndiye aliyekuwa na sauti. Fikiria basi maskini mwenye njaa mbele ya hakimu ambaye kwake mifugo ndiyo mali.

Ukiingia ngomeni, panda mpaka mnara wa Lucy. Ni duara la mawe lisilo na paa, nyasi na miti imeota ndani, na humo ndimo walimozikwa baadhi ya wafungwa walionyongwa. Makaburi yana vijiwe vifupi, vingine vimeinama, na juu yake zimechongwa herufi za mwanzo za majina na tarehe. Jina kamili hakuna. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu chochote kingine Lincoln. Mtu alikuwa na mama, alikuwa na jina aliloitiwa chakula akiwa mtoto, na serikali ikambakizia herufi mbili.

Kuna habari nyingine ya ngome hiyo ambayo haisimuliwi vya kutosha. William Marwood, fundi viatu wa mji jirani wa Horncastle, alipata kazi yake ya kwanza ya unyongaji hapo mwaka 1872. Zamani aliyenyongwa aliweza kuning'inia dakika nyingi akikata roho taratibu. Marwood alipiga hesabu ya urefu wa kamba kulingana na uzito wa mtu ili shingo ivunjike mara moja. Watu walimsifu kwa huruma yake. Huenda kweli alikuwa na huruma, lakini mimi naona jambo zito zaidi: nchi nzima iliona aibu ya namna watu walivyokuwa wakifa, na kwa muda mrefu haikuuliza kwa nini wanauawa.

Hayo bado ni giza la juzi. Giza la Lincoln yenyewe ya Zama za Kati liko mteremkoni, kwenye mtaa wa Steep Hill, ambako nyumba mbili za mawe zinajulikana mpaka leo kama Jew's House na Jews' Court. Jew's House ni ya karne ya 12, mojawapo ya nyumba za mji za kale zaidi zilizosalia Uingereza. Wayahudi waliishi hapa, wakafanya biashara, wakakopesha fedha. Aaron wa Lincoln, aliyefariki mwaka 1186, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Uingereza nzima, na mikopo yake ilisaidia kujenga makanisa na monasteri. Alipokufa, mfalme Henry II alichukua mali yake yote, na madeni aliyokuwa akidai yakawa mengi kiasi kwamba hazina ya ufalme ilianzisha kitengo maalumu cha kuyakusanya.

Hapo ndipo pa kuelewa yaliyofuata. Kisheria, Wayahudi walikuwa mali ya mfalme. Aliwalinda alipotaka na akawakamua alipotaka, na kila aliyekuwa na deni kwao alikuwa na sababu ya kutamani watoweke.

Kiangazi cha mwaka 1255 alipotea mtoto wa kiume aitwaye Hugh, wa miaka minane au tisa. Mwishoni mwa Agosti maiti yake ikapatikana kisimani. Ukazuka uvumi kwamba Wayahudi wamemuua katika ibada, uzushi uleule uliokuwa umeanza katika mji wa Norwich miaka mia moja hivi kabla. Myahudi mmoja, Copin, akakamatwa, akatishwa, akaahidiwa kwamba atanusurika akikiri. Akakiri walichotaka kusikia. Mfalme Henry III alipofika Lincoln alikataa kuiheshimu ahadi ile: Copin akakokotwa mitaani, kisha akanyongwa. Wayahudi wengine 91 wakapelekwa London, na 18 kati yao wakanyongwa Novemba kwa sababu hawakukubali kuhukumiwa na jopo la Wakristo pekee. Waliobaki waliachiwa baadaye.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfalme wa Uingereza kuutia muhuri uzushi wa aina hiyo. Na tazama fedha zilivyosimama nyuma yake. Mwaka huohuo Henry alikuwa amemwekea rehani ndugu yake Richard haki ya kuwatoza Wayahudi kodi. Kodi zao hazikuwa tena mfukoni mwake. Lakini Myahudi akinyongwa kwa kosa la jinai, mali yake ilirudi kwa mfalme. Sihitaji mizimu ili nitetemeke. Hesabu hiyo inatosha.

Mtoto alikuwepo kweli, na hilo nalo linaniuma. Kaburi lake ndani ya kanisa kuu lilipofunguliwa mwaka 1791 mlikutwa mifupa ya mtoto. Alikufa, mama yake alimlilia, na watu wazima wakamgeuza kuwa silaha. Walimwita mtakatifu ingawa Kanisa halikumtawaza rasmi, na mahujaji wakamiminika. Mwaka 1290 mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza, na ilipita zaidi ya miaka 350 kabla hawajaruhusiwa tena kuishi humo waziwazi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, watalii waliofika Jews' Court walionyeshwa kisima ndani ya nyumba, wakiambiwa kuwa ndimo alimotupwa Hugh. Walilipa ili wakione. Baadaye ikabainika kwamba kisima hicho kilichimbwa kwa makusudi na mwenye nyumba, ili kuvutia wageni. Uzushi ulioua watu 19 ulikuwa bado unaingiza pesa karne sita na nusu baadaye, na safari hii ulichimbiwa hata ushahidi. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba hadithi za kutisha za miji ya kale ni starehe tu zisizomdhuru mtu, nakikumbuka kisima kile.

Niseme pia, kwa haki, kwamba Lincoln ilikuwa na Hugh mwingine, askofu Hugh wa Avalon. Mwaka 1190, wakati Wayahudi walipokuwa wakishambuliwa mji baada ya mji, yeye alisimama mbele ya makundi yenye silaha na kuyakemea. Alipozikwa mwaka 1200, Wayahudi wa Lincoln walilia pamoja na Wakristo. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba ubaya ule ulikuwa desturi ya zama zao na kwamba hakuna aliyejua vingine. Askofu wa mji huohuo alijua, na alitenda.

Kanisa kuu nalo limejua, ingawa limechelewa sana. Katika miaka ya 1950 liliweka kibao pembeni mwa mabaki ya kaburi la mtoto Hugh, kikisema wazi kwamba hadithi hizo zilikuwa za kubuni na ziligharimu maisha ya Wayahudi wengi wasio na hatia, na kikiomba msamaha wa Mungu. Ni maneno machache yasiyokwepa kitu. Kibao cha namna hiyo ndicho ninachotaka kukiona pia ukutani nje ya The Strugglers: majina kamili ya walionyongwa kadiri kumbukumbu za mahakama zinavyoyatoa, makosa waliyoshtakiwa, na mwaka. Bango la mtu anayekokotwa libaki palepale juu. Na waongoza ziara wa Steep Hill waanze na Aaron na madeni yake, wamtaje Henry III kwa jina, waseme alipata nini, kisha wenye hamu ya mizimu wawasindikize huko wanakotaka.