Kipimo cha Ziwa Kinamfikia Nani Baringo?

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kuhusu Kaunti ya Baringo, kama inavyofanya kwa kaunti nyingine 22 zilizo kame au nusu kame. Humo mna kiasi cha mvua, hali ya malisho inavyoonekana kwa setilaiti, umbali ambao mifugo hutembea kufuata maji, bei ya mbuzi sokoni na mzunguko wa mkono wa juu wa watoto wadogo, unaoonyesha utapiamlo. Mwishowe kaunti hutiwa katika daraja: kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Naihesabu taarifa hiyo kuwa miongoni mwa kazi bora za ufuatiliaji wa mazingira nchini Kenya, na sababu si wingi wa takwimu zake. Daraja likipanda, kuna fedha za dharura zinazoweza kutolewa na kuna ofisi inayopaswa kuchukua hatua. Kipimo kimefungwa kwenye uamuzi, ndiyo maana hakiachwi kikafa.

Ziwa Baringo halijapata bahati hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kina chake cha wastani kilikuwa takriban mita 8. Kufikia mwaka 2003 kilikuwa chini ya mita 3, kwa sababu ya ukame, maji yaliyochepushwa kutoka mitoni na tope lililoteremka kutoka milimani ambako miti imekatwa na mifugo imezidi. Wataalamu wakasema ziwa linakufa, na kwa takwimu walizokuwa nazo hawakukosea. Watu nao walifanya kile ambacho yeyote angefanya: walishuka wakalima na kujenga pale maji yalipohama. Kuanzia mwaka 2011 hivi ziwa likageuka, likapanda, na kufikia 2020 lilikuwa limemeza nyumba, shule, zahanati, hoteli na barabara, huku likisogeleana na Ziwa Bogoria lenye maji ya magadi, jambo lililozua hofu kwamba yakikutana, samaki wa Baringo wataangamia.

Wazee hawakushangaa sana. Mvua kubwa za mwaka 1961, zinazoitwa mvua za uhuru, zilipandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria peke yake lilipanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Anayeangalia miaka 30 tu huona ziwa linalokauka. Anayeangalia miaka 100 huona ziwa linalopanda na kushuka, na ndiye anayepaswa kuulizwa kabla ya kiwanja cha ufuoni kupewa hati.

Sheria haina upungufu mkubwa. Katiba ya 2010 inatoa haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ilivyorekebishwa mwaka 2015, inataka kila kaunti iwe na kamati ya mazingira pamoja na mpango wa utekelezaji unaoandaliwa upya kila baada ya miaka mitano. Lakini miaka mitano ni muda mrefu mno kwa ziwa lenye tabia kama hii. Ripoti ya namna hiyo hueleza mahali maji yalipofika. Haimwambii mwenye nyumba kama afungashe virago mwezi ujao.

Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga tisa waliokwama Longicharo, kisiwa cha Ziwa Baringo, walivushwa kwa chelezo, mmoja mmoja, hadi nchi kavu. Nilifurahi kama kila mtu, maana hao ni twiga wa Baringo kwa jina na kwa asili. Hata hivyo niliwaza juu ya familia zilizohama usiku zikiwa na magodoro kichwani, ambazo hazikutayarishiwa chelezo.

Najua jibu la maofisini: viwango vya maji hupimwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kazi hiyo ni ya serikali kuu. Ni kweli, wala sitaki kaunti irudie kazi iliyokwisha kufanywa. Ninachotaka ni kwamba namba hiyo itoke kwenye daftari ipewe madaraja, kama ukame ulivyopewa, na kila daraja liwe na amri yake: maji yakifika alama fulani, vibali vya ujenzi visimame, yakifika nyingine, shule na zahanati zianze kuhamishwa mchana, kwa mpango. Tope la mito ya Molo na Perkerra lipimwe vivyo hivyo, hasa siku za mafuriko, kwa kuwa ndipo linaposhuka kwa wingi. Mathenge nayo, miti ya miiba iliyoletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ichorewe ramani kila mwaka. Isisubiri tena wenyeji wampeleke mbuzi kibogoyo mahakamani, kama walivyowahi kufanya, ndipo iaminike kwamba inakula malisho na kung'oa meno ya mifugo.

Mwanzo wake si wa gharama kubwa. Nguzo yenye alama za rangi isimikwe Kampi ya Samaki, mji ulio ufuoni, na nyingine visiwani, na alama ya juu kabisa iliyofikiwa mwaka 2020 ipakwe rangi nyekundu. Mkazi mmoja alipwe posho aisome kila asubuhi kabla mashua ya kwanza haijaondoka, aandike namba kwenye ubao wa gatini, kisha aitume kwa chifu na kwa redio zinazotangaza kwa lugha za huko.