Sikuvishwa sanda, nilifungwa taya tu

Kabla hamjanitumia tena ile sauti ya shemeji yangu, anayosimulia nilivyodhaniwa maiti msibani, na vijeneza chini yake: nimeisikia. Anasimulia vizuri, namkubali, ila sanda ameongeza yeye. Sikuvishwa sanda. Nilifungwa taya tu.

Msiba wa ukweni Tanga mnaujua. Wanaume tumelala uwanjani chini ya turubai, majamvi yamebanana, mimi mkwe nimewekwa katikati kwa heshima. Kulia kwangu kalala mzee ambaye kazi yake pale mtaani ni kuosha maiti. (Shikeni hilo, msije mkaniuliza baadaye.) Nimeendesha gari kutoka Dar, nimeshindilia ubwabwa, nikajilaza chali.

Kukoroma sibishi. Mke wangu siku nyingi kahamia chumba cha watoto, anasema anakwenda kuwafunika. Usiku ule wafiwa walivumilia kwa kuwa ni mkwe. Ila kukoroma kwangu kuna tabia ambayo hata mimi sikuijua: hukatika. Naunguruma, naunguruma, halafu kimya. Kifua kinahangaika, hewa haiingii.

Sasa hapa twendeni polepole.

Nakoroma. Kimya. Shemeji, aliyekuwa macho anachati, anasema alimshukuru Mungu. Kimya kinaendelea. Mzee anafungua jicho moja. Kwa mtu wa fani ile kelele hazimwamshi, kinachomwamsha ni kimya. Ananitazama: mdomo wazi, macho nusu, shingo imelegea. Analeta kiganja puani kwangu. Hakuna kitu. Anasema "Inna lillahi" taratibu, bila presha, kama mtu anayefungua duka lake asubuhi. Anavua kilemba. Anakipitisha chini ya kidevu changu, anakivuta hadi utosini, anapiga fundo. Shemeji anasema lilikuwa fundo safi sana, la mtu aliyebobea. Kisha vidole vinakuja kwenye kope zangu. Anashusha ya kulia. Anahamia ya kushoto...

Hapo ubongo wangu ukaona isiwe tabu, ukanishtua. Nikavuta pumzi. Mdomo umefungwa, kwa hiyo yote ikapita puani, kwa mlio ambao shemeji anaujaribu kwenye ile sauti lakini hajaupata. Nikakaa wima, fundo utosini, nikafumbua macho nikaona uwanja mzima unakimbia. Turubai likang'oka. Sufuria ya chai ikapigwa teke. Mtu mwenye goti bovu alikutwa juu ya mwembe. Na mimi, kwa kuwa sijui wanakimbia nini, nikakimbia nao. Nadhani hiyo ndiyo iliyowamaliza: kila wakigeuka wanaona maiti yuko nyuma yao, anauliza kwa meno yaliyofungwa, "Kuna nini jamani? Kuna nini?"

Mama mkwe akatoka na tochi, akanimulika usoni. Sijaweza kumwangalia tangu siku ile.

Mzee peke yake hakukimbia. Niliporudi alinyoosha mkono tu: "Baba, nipe kilemba changu."

Mengine upesi upesi. Mke wangu alinipeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye alinizungushia shingoni utepe wa kupimia: sentimita 45. Wanaume tukishapita 43 madaktari wanaanza kushuku kwamba pumzi hutukatika usingizini. Nikapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani, mkanda kifuani, mpira puani, kibanio kidoleni. Majibu: pumzi inakatika mara 41 kwa saa. Kuanzia 5 tayari ni tatizo, kuanzia 30 ni kali. Kumbe ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unakukurupua upumue, na asubuhi hukumbuki lolote. Kumbe kile kichwa cha alfajiri, ile presha isiyosikia dawa na ule usingizi wa kwenye foleni ya Ubungo hakuna aliyenitupia kitu. Daktari aliponiuliza kama huwa naendesha gari, nikaangalia dirishani.

Nimeambiwa nipunguze mwili na nilale ubavu. Na usiku navaa barakoa yenye mpira mrefu unaotoka kwenye mashine inayosukuma hewa, koo lisipate nafasi ya kujifunga. Aliianzisha daktari wa Sydney, Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981, na namwombea dua, ingawa mwanangu wa mwisho akiniona nimeivaa anakimbilia kwa bibi jirani. (Mnaonitumia habari za kitunguu saumu na mafuta ya nyonyo, asanteni. Koo limeziba, halina mafua.)

Sasa arobaini inakaribia na sina pa kujificha. Nitakwenda na mashine yangu na waya mrefu wa kuvutia umeme hadi uwanjani. Mama mkwe ameshauliza, kupitia mke wangu, hicho kidude kinakula luku kiasi gani.