Lefebvre: lakabu ya mhunzi, b ya karani

Mara ya kwanza kulisoma jina hili kwa sauti nilikuwa nimesimama pale wanapotokea abiria, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kibao mkononi, naita "Le-fe-bu-vre! Le-fe-bu-vre!" kama muuza samaki. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani akanijia huku anacheka. Akaweka kidole juu ya ile b kwenye kibao changu, akaifunika kabisa, akasema: "Lefevr. Hii imelala." Njia nzima hadi Arusha nikawa najiuliza, herufi isiyotamkwa inatafuta nini katikati ya jina la mtu?

Aliyeiweka ni karani. Lefebvre ni le fèvre, yaani mhunzi, kwa Kifaransa cha zamani. Asili yake ni Kilatini, faber, fundi wa kazi ngumu za mikono. Mfaransa wa leo akimtafuta mhunzi atasema forgeron. Fèvre halisemwi tena peke yake, limebaki ndani ya majina ya watu na ndani ya orfèvre, ambaye ni sonara wetu. Na jina lenyewe lina sura kama mamba wa Rufiji kwa wingi. Kaskazini mwa Ufaransa, Picardie na Normandie, utawakuta kina Lefebvre na Lefèvre. Ukishuka kusini ni Fabre, kama yule mtafiti wa wadudu Jean-Henri Fabre, au Faure, kama Rais Félix Faure aliyeingia Ikulu ya Paris mwaka 1895 na kufia humo 1899. Savoie ni Favre. Bretagne, ambako lugha ya wenyeji ni nyingine kabisa, mhunzi ni Le Goff. Ukivuka mipaka utamkuta Schmidt, Smith na Haddad, huyo ambaye ratibu yake tunaisoma pwani tangu utotoni. Hata Ferrari ni mhunzi. Gari la bei ile, jina la mfua majembe!

Kwa nini mhunzi na si mkulima, wakati Ufaransa nzima ilikuwa inalima? Kwa sababu hiyo hiyo. Tuseme kijiji cha karne ya 12 kina kina Jean kumi na watano. Ukisema "Jean mkulima" hujasaidia mtu. Ukisema "Jean mhunzi", kila mtu anageuka kutazama upande mmoja, kule nyundo inakolia juu ya fuawe. Ndipo watu walipoanza kubandikwa jina la pili: la kazi, la kilima wanachokaa, la upara. Wafaransa waliliita surnom, jina la juu ya jina. Sisi tuna neno zuri la hilo: lakabu. Baadaye lakabu ikamgandia mtoto ambaye hajawahi kushika nyundo, halafu mjukuu, mpaka ikawa ya kurithi.

Ndiyo maana fomu zetu zinanikera zinapoandika "Jina la ukoo". Kwa Lefebvre maneno hayo yanapotosha. Karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lilizaliwa mahali pengi mno kwa wakati mmoja, kwa watu wasiojuana. Lefebvre wa Lille na Lefebvre wa Rouen huenda hawana hata tone la damu la pamoja. Wakati huo huo kuna wauza nembo kwenye intaneti wanaomwuzia kila Lefebvre "nembo ya ukoo" yenye simba na taji. Nembo ilikuwa ya familia fulani, haikuwa ya kila mwenye jina. Huo ni utapeli mtupu.

Sasa ile b. Midomoni mwa watu, b ya Kilatini ilikuwa imeshageuka v karne nyingi nyuma. Lakini makarani wa mwisho wa Zama za Kati walikuwa wasomi wa Kilatini na walipenda ionekane hivyo, wakairudisha b kwenye karatasi: febvre. Tena siku hizo u na v zilikuwa herufi moja kwenye mwandiko, kwa hiyo jina liliandikwa Lefebure. Msomaji aliyekuja baadaye akaliona, akalitamka kama lilivyo, na hapo likazaliwa jina jipya kabisa, Lefébure, lenye b na u za kusikika. Mpiga piano Yvonne Lefébure alilibeba maisha yake yote. Ukoo umepata jina kwa sababu mtu alisoma vibaya!

Rejista zilikuja kukazia. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza alitoa amri ya Villers-Cotterêts, na humo mapadri wakatakiwa kuandika ubatizo. Padri aliandika alivyosikia, na baba mtu, asiyejua kusoma, akachora msalaba mahali pa sahihi. Kurasa hizo zimepigwa picha, ziko wazi kwenye intaneti, na nimepoteza usiku kadhaa humo. Unaweza kukuta watoto wa mama mmoja, huyu Lefebvre, yule Lefebure, wa tatu Lefèvre. Mapinduzi ya Ufaransa yakahamishia rejista kwa serikali mwaka 1792, na miaka miwili baadaye sheria ikakataza mtu kutumia jina tofauti na lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kuanzia hapo kosa la padri likawa mali ya mtu kisheria.

Waliohamia Amerika walikutana na makarani wengine. Huko wapo kina Lefebvre waliogeuka Bean, kwa kuwa mtu alisikia fève, aina ya maharage, akatafsiri. Mhunzi akawa Maharage.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tahajia ya jina inakuonyesha mkono wa aliyeandika. Damu haikuonyeshi. Nayasema haya nikiwa na uchungu wangu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Shaabani, cha kidato cha nne kinasema Shabani, na ofisi moja ilikataa kunihudumia mpaka nikale kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Wakili akaniuliza, "Sahihi ni lipi?" Nikamwambia mama huniita Shabu. Akanitazama kidogo, akagonga muhuri, akanidai elfu kumi.